Mala, siki, Bifida au Galactomyces: kipi cha kumpaka mwenye ngozi inayowaka?

Mwanangu alikuwa na miezi mitano ukurutu ulipomshika. Ulianza mashavuni, ukateremka mpaka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na huko umekaa huu mwaka wa sita. Ikifika Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu kutwa na baridi kukaza, hujikuna shingoni pale kola ya shati la shule inaposugua, mpaka ngozi inachanika. Kwenye ngozi yetu nyeusi hutauona ule wekundu wa picha za vitabuni. Utaona weusi uliokolea, pengine wenye zambarau kwa mbali, na ukipitisha kidole utahisi vijipele vigumu vilivyopangana kama mchanga uliomwagwa juu ya gundi. Pana joto pale, na mtoto hakuachii uguse mara ya pili.

Katika miaka hiyo nimeshauriwa mengi, na karibu kila ushauri ulihusu kitu kilichochachuka. Shosho yake alisema, "Mpake mala, mwanangu, ndiyo tuliyopakwa sisi." Jirani yangu hapa Umoja akaniletea siki ya tufaha nitie kwenye maji ya kuoga. Muuzaji wa duka moja la vipodozi Dubois Road akanitolea kichupa cha Korea chenye maji ya Galactomyces, na kemisti akaniwekea mezani vidonge vya probayotiki. Wote walinitakia mema, na wote walikuwa wakizungumzia kazi ileile ya vijidudu kula mmea au maziwa na kuacha asidi na mabaki yao. Ila vitu hivyo havilingani hata kidogo, si kwa ushahidi, si kwa bei, si kwa hatari. Ndiyo maana nimeviweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa mzazi au kijana anayesimama mbele ya rafu akiwa na hela ya kitu kimoja tu.

Hai, mfu, au maji yaliyochujwa

Lebo huchanganya mambo matatu. Probayotiki, kwa maana iliyowekwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na WHO la afya, mwaka 2001, ni vijidudu hai. Losheni nyingi haziwezi kuwa na vijidudu hai, kwa sababu zina dawa ya kuzuia kuoza, na dawa hiyo haichagui bakteria mwema na mbaya. Kilichomo aghalabu ni bakteria waliokuzwa kisha wakapasuliwa, au yale maji waliyokulia yakiwa yamechujwa. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa ISAPP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa probayotiki, liliviwekea vijidudu visivyo hai, na vipande vyake, jina la postibayotiki, pale vinapothibitishwa kumfaa mtumiaji.

Kufa si kasoro. Vipande vya ganda la bakteria hutambuliwa na seli za ngozi, na seli hujibu. Tena bakteria aliyekufa hawezi kuzaliana ndani ya ngozi iliyochanika, jambo ambalo kwa mtoto mwenye ukurutu ni faraja kubwa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba losheni iliyokaa juani kwenye kibanda chake ina bakteria hai, usiilipie sifa hiyo.

Bifida na Galactomyces

Hawa wawili ndio utakaokutana nao zaidi madukani na kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni, na ndio watu huwachanganya zaidi.

Bifida ni bakteria wa utumbo, ndugu wa wale wanaomkalia mtoto anayenyonya. Kwenye krimu huwa amepasuliwa. Watafiti wa L'Oréal walichapisha mwaka 2010 jaribio la wanawake 66 wenye ngozi nyepesi kuudhika. Nusu walipaka krimu yenye asilimia 10 ya bakteria aina ya Bifidobacterium longum aliyepasuliwa, nusu krimu tupu, kwa miezi miwili. Waliopaka bakteria ngozi yao ilipunguza ukali wa kuudhika. Ni jaribio dogo, lililofanywa na kampuni yenye bidhaa ya kuuza, na washiriki walikuwa na ngozi nyepesi kuudhika, si ukurutu wenyewe. Hata hivyo ni binadamu waliopimwa, tena wakalinganishwa na wasiopakwa kiambato. Hilo ni zaidi ya wanachoweza kuonyesha wengi kwenye rafu ileile.

Galactomyces ni kuvu, jamaa wa hamira, na kinachotumika ni maji yake yaliyochujwa. Umaarufu wake ulitoka Japani, kwa chapa ya vipodozi ya SK-II iliyoanza kuuzwa mwaka 1980, pamoja na kisa kinachosimuliwa cha wazee wa kiwanda cha sake, pombe ya mchele, ambao mikono yao ilibaki laini. Kisa hicho kinauza vizuri. Kinachonivutia mimi ni kazi ya maabara. Wajapani walionyesha kwamba maji haya huamsha kipokezi kiitwacho AHR ndani ya seli za ngozi, na seli zikiamshwa hivyo huongeza filagrini, protini inayoshikilia ukuta wa nje wa ngozi usivuje maji. Katika ukurutu mwako wenyewe huipunguza filagrini, hivyo njia hii ina maana. Ila seli ndani ya kisahani si shingo ya mtoto inayosuguliwa na kola.

Ukinitaka niseme, mwenye ngozi kavu, inayochoma akinawa tu, achague Bifida. Mwenye ngozi ya mafuta, chunusi zilizotulia na madoa meusi yaliyobaki, anaweza kufurahia Galactomyces, kwa sababu ni maji mepesi yasiyoziba wala kung'ang'ania. Kwa ukurutu uliochanika, Galactomyces iache kabisa kwenye chupa. Nilimpaka mwanangu kwenye kiwiko nikidhani maji hayawezi kuumiza. Alipiga kelele na kukimbilia bombani, na nilimuosha huku nikimwomba msamaha. Lile lilikuwa kosa langu la kutokujaribu kwanza kwangu mwenyewe, na la kupaka palipo wazi.

Jambo moja kuhusu asilimia. Chupa ikiandikwa "asilimia 95 Galactomyces", maana yake ni asilimia 95 ya yale maji yaliyochujwa, na maji hayo mengi yake ni maji tu. Usiyalinganishe na asilimia 5 ya bakteria waliopasuliwa ukadhani ya kwanza ina nguvu mara 19.

Yule wa maji ya chemchemi

Vitreoscilla filiformis hajulikani sana mitaani, lakini kwa ukurutu ndiye ninayemweka mbele. Ni bakteria wa majini asiyeambukiza, anayekuzwa kwa maji ya chemchemi ya La Roche-Posay huko Ufaransa, ndiyo sababu utamkuta kwenye Lipikar AP+ ya kampuni yenye jina hilo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu 75 wenye ukurutu, watoto wa miaka sita hadi wazee wa sabini. Walipaka krimu yenye asilimia 5 yake au krimu tupu kwa siku 30, na waliopaka bakteria walipata nafuu kubwa zaidi, hata kwenye mwasho. Hapa napo mkono wa mwenye bidhaa umo. Lakini angalia tofauti: ugonjwa ni huuhuu wetu, umri unahusisha watoto, na kiambato kimetiwa ndani ya mafuta mazito ya kulisha ngozi, si maji matupu.

Bei yake inauma. Nilinunua chupa moja baada ya kujinyima, na niliona usiku wa mwanangu ukitulia ndani ya wiki tatu hivi. Sitamwambia mtu kwamba ni bakteria waliofanya kazi hiyo peke yao. Pengine nusu ya kazi ilifanywa na mafuta yenyewe, na mimi nilikuwa nampaka kwa bidii kuliko zamani kwa sababu nimelipia.

Lactobacillus, na ujanja wa kusoma lebo

Lactobacillus, bakteria wa kuchachusha maziwa na mboga, ana nyuso mbili. Aina ya plantarum ilijaribiwa kwa ngozi yenye chunusi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, na asilimia 5 ilipunguza mwako ilhali asilimia 1 haikufanya kitu. Hilo ni somo la kukaa nalo: kiambato sahihi kwa kipimo kidogo ni pambo. Tazama neno "phenoxyethanol" kwenye orodha ya viambato. Ni dawa ya kuzuia kuoza ambayo Ulaya hairuhusiwi kupita asilimia 1. Viambato hupangwa kutoka kingi kwenda kidogo, kwa hiyo bakteria akiandikwa nyuma ya neno hilo, yumkini yupo kwa kiasi cha kuandikwa tu.

Uso wa pili ni kwamba michachuko ya bakteria wa jamii hii, hasa ule wa figili unaoitwa Leuconostoc, hutiwa ili kuzuia losheni isioze. Ukiuona mwishoni mwa lebo, haujawekwa kukutuliza. Hauna ubaya, mradi usiulipie kama dawa.

Michachuko ya mchele, soya na chai nyeusi nitaipita haraka. Uchachuaji hukata molekuli kubwa za mmea kuwa ndogo, na hilo linaweza kuzisaidia kuingia kwenye ngozi. Kwa binadamu wenye ukurutu au soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka mazito yenye magamba, ushahidi ni mwembamba. Tahadhari moja tu: kuvu wa koji, Aspergillus oryzae, hutengeneza asidi ya kojiki, ambayo huuzwa kung'arisha madoa na huweza kuwasha ngozi iliyo dhaifu. Usitibu mwako kwa kitu cha kung'arisha.

Vya jikoni

Hapa ndipo ninapohitaji kusema kwa upole, kwa sababu nampenda shosho wa mwanangu na mala yake ni tamu.

Anachokisema kina mzizi. Mwaka 2003 Waitaliano walichukua Streptococcus thermophilus, bakteria wa yogati, wakampasua kwa mawimbi ya sauti, wakamtia kwenye krimu na kuwapaka wagonjwa 11 wa ukurutu kwa wiki mbili. Seramaidi, yale mafuta ya asili yanayobana seli za ngozi pamoja, ziliongezeka. Lakini krimu ile na kikombe cha mala kutoka ATM ya maziwa ni vitu viwili tofauti. Mala ina protini za maziwa, nazo zikipita kwenye ngozi iliyochanika zinaweza kuufundisha mwili kuzichukia. Japani ilijifunza jambo hili kwa uchungu: sabuni moja ya uso yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaachia watu zaidi ya 2,000 mzio wa ngano, wakawa wanaugua kwa kula mkate. Ndiyo maana mala, mursik (maziwa ya kuchachuka ya Wakalenjin) na uji wa wimbi uliochachuka kwangu vinaingia mdomoni tu. Mtoto anywe, asipakwe.

Siki ya tufaha ni habari nyingine. Hoja yake ni kwamba ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5 (katika kipimo hiki, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi), na siki ni asidi, basi itairudisha ngozi mahali pake. Ni hoja nzuri mpaka ijaribiwe. Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kilichapisha mwaka 2019 jaribio la watu 22 waliolowesha mkono mmoja kwenye siki iliyozimuliwa hadi asilimia 0.5 na mwingine kwenye maji matupu, dakika kumi kila siku kwa siku 14. Ukuta wa ngozi haukupata nafuu, na 16 kati yao siki iliwaudhi ngozi. Jirani yangu nilimrudishia chupa yake, tukaitumia kwenye kachumbari.

Kama ni asidi ya ngozi unayoitafuta, anza na sabuni. Kipande cha kawaida cha kufulia au kuogea kina pH ya 9 au 10, na sisi tunaooga maji ya kisima yenye chumvi tunajua ngozi inavyobana tukitoka bafuni. Kubadilisha sabuni kuwa ile isiyo na magadi wala manukato kulimsaidia mwanangu kuliko chupa ya Korea.

Vya kumeza, na vilivyo hai kweli

Vidonge nitavimaliza upesi. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 39 yenye washiriki 2,599 mwaka 2018, wakaona kwamba probayotiki za kumeza kwa mtu ambaye tayari ana ukurutu huleta tofauti ndogo au hazileti kabisa. Kuzuia kabla haujaanza ni swali tofauti. Wafini, mwaka 2001, waliwapa Lactobacillus GG wajawazito wenye historia ya mzio katika familia, wakaendelea baada ya kuzaa, na watoto waliopata ukurutu kufikia miaka miwili walikuwa nusu ya wale wa kundi la pili. Mama mjamzito mwenye historia hiyo anaweza kumuuliza daktari wake. Mimi na mwanangu tulishachelewa.

Kuhusu bakteria hai wa kunyunyizwa, Marekani walijaribu Roseomonas mucosa iliyotolewa kwenye ngozi za watu wenye afya. Ripoti ya mwaka 2018, ya watu wazima 10 na watoto 5, iliwapa wengi matumaini, nikiwemo mimi. Mwaka 2021 kampuni ya Forte ilipoipeleka kwenye jaribio kubwa, haikufikia lengo lililowekwa. Anayekuuzia bakteria hai leo kwa ajili ya ukurutu anauza ahadi.

Mchachuko uliogeuka dawa

Watu wengi hawajui kwamba vijidudu vilishatupa dawa halisi za mwako wa ngozi. Takrolimasi ilitoka kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces tsukubaensis, aliyepatikana Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Leo ni marhamu inayoandikwa na daktari kwa ukurutu, asilimia 0.03 kwa watoto kuanzia miaka miwili na 0.1 kwa wakubwa, na inafaa usoni na kwenye kope ambako steroidi, zile krimu za hospitali za kutuliza mwako, hukondesha ngozi. Huchoma siku za mwanzo, kisha hutulia. Tapinarofi, krimu ya dawa, nayo chimbuko lake ni bakteria anayeishi ndani ya minyoo midogo inayoshambulia wadudu. Marekani iliikubali kwa soriasisi mwaka 2022 na kwa ukurutu mwaka 2024. Inafanya kazi kupitia AHR, kipokezi kilekile ambacho Galactomyces huamsha kwenye kisahani cha maabara.

Fikiria hapo unapoichagua chupa ya bei ghali ili kuikwepa "dawa ya hospitali". Mzee wa mtaani kwetu mwenye soriasisi alitumia miezi mingi kwenye michachuko ya mimea, na mabaka yalikuwa yakipanda mgongoni. Kwa soriasisi sina mchachuko wa kumpendekeza mtu. Nampendekezea kliniki ya ngozi. Kwa rosasea (wekundu na vipele vya usoni visivyoisha) na chunusi zenye mwako, asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ina ushahidi mzito kuliko vyote nilivyotaja juu, na huyafifisha madoa pia.

Hesabu ya mfuko

Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayoelekeza matibabu, inasema mtoto mwenye ukurutu ahitaji gramu 250 hadi 500 za mafuta ya kulainisha kwa wiki. Soma tena: kwa wiki. Kichupa cha mililita 30 hakiwezi hata kuanza kazi hiyo. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye kopo kubwa la jeli ya mafuta isiyo na harufu, upake ndani ya dakika chache baada ya kuoga ngozi ingali na unyevu. Hela ya pili iende kwenye dawa aliyoandika daktari, hata kama ni steroidi, itumike kama alivyosema. Ikibaki ya tatu, ndipo ununue Vitreoscilla au Bifida, na uipake pale palipokwisha kufunga, ili pakae vizuri muda mrefu. Aliyenieleza mpangilio huu ni muuguzi wa kliniki, na nilitamani ningemsikia mwaka wa kwanza.

Chochote ulichochagua, kipake kiasi cha punje ya mahindi ndani ya mkono, mahali pamoja, mara mbili kwa siku kwa siku saba kabla hakijagusa penye ugonjwa. Kikiwasha au kukolea rangi, acha. Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya toleo, na jihadhari na kopo lisilo na orodha ya viambato ambalo muuzaji analiita la miti shamba iliyochachuliwa na ambalo linamaliza ukurutu wote kwa siku mbili. Hiyo ndiyo kasi ya steroidi kali iliyofichwa, na ukiacha, ugonjwa hurudi na nguvu mpya. Kopo la namna hiyo lipeleke kwa daktari kama ulivyolinunua, usilitupe, ili ajue mtoto alipakwa nini.

Na usiku ambao ngozi imeanza kutoa usaha au maganda ya rangi ya asali, au mtoto ana homa, au vimejitokeza vilengelenge vidogo vinavyofanana vikipasuka na kuacha vishimo vya mviringo, usimpake chochote kati ya hivi. Vilengelenge hivyo vinaweza kuwa virusi vya hepesi vilivyoingia kwenye ukurutu, navyo vinataka hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku na inabidi umwamshe jirani mwenye gari.